Bweha Amehamia Nyuma ya Nyumba

Akina mama wengi wanaoishi pembezoni mwa mji wa Mpanda wanaifahamu sauti hii. Ni kama saa 3 za usiku, watoto wamekwisha kula na kulala, na kutoka upande wa shamba la mihogo unasikika mlio mzito, mfupi, kama wa bundi. Mmoja hufunga dirisha upesi. Mwingine huanza kukemea. Asubuhi yake mtetea aliyekuwa akilalia mayai chini ya ghala hayupo, yamebaki manyoya tu, na jirani anasema, "Si nilikuambia, Mama Neema? Bundi akilia lazima kitu kipotee."

Sasa tuseme ukweli. Mara nyingi mwenye sauti ile si bundi, wala hakuna mtu aliyekutumia kitu. Ni bweha miraba, mnyama wa jamii moja na mbwa, ambaye halii kwa kubweka na kuvuta sauti ndefu kama bweha wengine, bali hutoa mlio unaofanana sana na wa bundi. Ana rangi ya kijivu, mstari hafifu ubavuni, na ncha ya mkia wake ni nyeupe. Ukimulika tochi ukaona mkia wenye ncha nyeupe ukipotea kwenye majani, umekwisha kumjua mgeni wako. Uzito wake ni kama kilo 7 hadi 12 tu, mdogo kuliko mbwa wengi wa mitaani.

Watoto wetu humjua mbweha wa vitabu vya hadithi, yule mwekundu mwenye hila, lakini huyo ni wa Ulaya na nchi nyingine za baridi. Hapa kwetu hayupo. Wapo bweha wenye masikio makubwa kama ya popo, ambao ni ndugu wa karibu zaidi wa mbweha yule, lakini hao hukaa nyika kavu kama za Serengeti na chakula chao kikubwa ni mchwa. Huku kwenye miombo ya Katavi anayetusumbua ni huyu wa miraba.

Kwa nini anakuja nyumbani?

Tusishangae. Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilianzishwa mwaka 1974, na kijiji cha Sitalike kimekaa mlangoni pake kabisa, kwenye barabara ya kutoka Mpanda kwenda Sumbawanga. Tangu Katavi ilipogawanywa kutoka Rukwa na kuwa mkoa wake yenyewe mwaka 2012, mji wa Mpanda umepanuka, na panapojengwa nyumba leo palikuwa pori jana. Bweha hakuhama, sisi ndio tuliomfuata, kisha tukamwekea meza.

Maana yeye hachagui chakula. Anakula panya, panzi, mchwa wanaoruka mvua zinapoanza, mayai, vifaranga, mizoga, na hasa matunda. Kuliko bweha wengine wote, huyu ndiye mpenda matunda. Embe lililoanguka usiku na kuachwa chini ni mwaliko. Dagaa walioletwa kutoka Ikola au Karema wakaanikwa uani na kusahauliwa ni mwaliko mkubwa zaidi. Maji ya ugali yaliyomwagwa nyuma ya jiko, kondo la mbuzi aliyezaa jana, kuku aliyekufa kwa kideri akatupwa kichakani: vyote hivyo vinanukia mbali kwa mnyama anayeishi kwa pua yake.

Na bweha huyu anatupunguzia panya, hilo tusilisahau. Mwanamke aliyekwisha kupoteza nusu ya karanga zake kwa panya kabla hazijakauka anajua thamani ya anayewala. Kwa hiyo hatusemi kila bweha anayepita shambani ni adui. Akipita usiku akala panya na kwenda zake, mwache. Shida huanza anapoona kuku wako ni rahisi kuliko panya, au anapoamua kuzaa pale pale.

Je, ni yeye kweli?

Kabla ya kumlaumu, tazama alama. Wezi wa kuku ni wengi na kila mmoja ana tabia yake. Kifaranga akinyakuliwa mchana kweupe, fikiri mwewe au nguchiro. Kanu ni mwembamba mno, hupenya kwenye tundu dogo karibu na paa, na anaweza kuua kuku kadhaa usiku mmoja akala kidogo tu. Nyegere ana nguvu za ajabu: akitaka kuingia huvunja ubao na kung'oa mlango, na huwezi kufikiri mnyama wa kimo kile ndiye aliyefanya hivyo. Chatu haachi manyoya wala damu, kuku anakosekana tu. Bweha kwa kawaida humbeba kuku na kuondoka naye, na utaona mstari wa manyoya kuelekea kichakani, pamoja na nyayo kama za mbwa mdogo zenye alama za kucha. Na usimsahau mbwa wa jirani. Bweha wengi wamebeba lawama ya mbwa asiyelishwa kwao.

Akizaa shambani

Bweha jike hupenda kuzalia katika kichuguu cha zamani au shimo lililoachwa na mhanga. Ikiwa kichuguu cha namna hiyo kimo katika shamba lako la nyuma, na majani yameachwa yakafika kiunoni, ana nyumba tayari. Huzaa watoto watatu hadi sita. Dume na jike huishi pamoja kama mume na mke, tena dume humletea mwenzake chakula anaponyonyesha, na wapo akina baba wa kibinadamu ambao wangejifunza kitu hapo, lakini leo hatuzungumzii hilo.

Watu wengi wakigundua shimo lenye watoto huleta moto, moshi au maji ya moto. Tunaomba sana msifanye hivyo. Mama mwenye watoto akibanwa shimoni atauma, na atakayeumwa ni kijana wako aliyetumwa na mshale au jembe. Tena hakuna haja. Bweha jike akiona makao yake yamejulikana huwabeba watoto mmoja mmoja na kuwahamisha. Wewe msaidie kuamua. Fyeka majani yote kuzunguka kichuguu ili asiwe na mahali pa kujificha anapoingia na kutoka. Pitisha watu pale mchana, wakizungumza kwa sauti. Weka karibu na mlango wa shimo nguo kuukuu zenye jasho la mtu. Fanya hivyo siku kadhaa mfululizo, bila mtu yeyote kuingiza mkono wala fimbo ndani.

Kisha hakikisha wameondoka. Sokota majani makavu, uyasukume mlangoni bila kuyabana, uyaache siku tatu. Yakikutwa yamesukumwa, bado wamo. Yasipoguswa kwa siku hizo zote, hapo ndipo chimbua kichuguu, jaza udongo na mawe, ushindilie. Ukiziba kabla ya kuhakikisha, watoto watafia ndani na mama atachimba usiku kucha.

Na watoto wako waambie mapema: kitoto cha bweha kinafanana na cha mbwa, ni kizuri, kinalia kwa huruma, na hakishikwi. Hakiletwi nyumbani kufugwa. Tutaona sababu hapa chini.

Banda la kuku

Fedha yoyote utakayotumia kupambana na bweha, itumie bandani kwanza. Kuku ni benki ya mama. Ndiyo sare ya shule, ndiyo nauli ya kwenda kliniki, ndiyo heshima mgeni anapofika bila taarifa. Lakini tunajua nyumba nyingi ambazo kuku wa thamani hiyo wanalala juu ya mkokoteni au chini ya ghala.

Banda lililoinuliwa juu ya nguzo, kimo cha kama mita moja kutoka ardhini, lenye sakafu ya fito zilizopangwa karibu karibu, linafaa sana kwetu. Kinyesi huanguka chini na kuwa mbolea ya mchicha, kuku hupata hewa, na mnyama wa chini hawafikii kwa urahisi. Ngazi ya kuku kupandia iondolewe jioni. Hili husahauliwa kuliko yote. Ikiwa banda ni la chini, wavu uzikwe ardhini kina cha kama kiganja na nusu, na sehemu yake ya chini ikunjwe kuelekea nje, kwa sababu bweha huchimba pale pale ukuta unapogusana na ardhi. Akikutana na wavu hajui kurudi nyuma hatua moja na kuanza upya. Mlango uwe na komeo, si kamba ya kufungia.

Kisha kuna saa. Kuku wafungwe kabla ya saa 12 na nusu jioni, wala wasifunguliwe kabla jua halijachomoza vizuri, kwa maana bweha hutembea sana magharibi na alfajiri. Kazi hii mpe mtoto mmoja kwa jina lake. Ukisema "nyie watoto, fungeni kuku," hakuna atakayefunga.

Mtetea anayelalia mayai nje ndiye anayeliwa wa kwanza, kwa hiyo mtengenezee kiota ndani ya banda kwa kapu kuukuu na majani makavu, umhamishe usiku wakati ametulia.

Ua wa minyaa au katani hupunguza wapitaji ukipandwa kwa kubanana, ingawa pekee yake haumzuii. Waonye watoto kuhusu utomvu wa minyaa, kwani ukiingia jichoni unaunguza vibaya. Kuhusu taka, chimba shimo na ufukie kila mara kwa udongo au jivu. Mizoga ya kuku ifukiwe chini sana au ichomwe. Maembe yaokotwe jioni, si asubuhi.

Sumu hapana

Hapa ndipo mke na mume hugombana. Baba watoto amechoka, majogoo mawili yameondoka kwa wiki moja, na rafiki yake amemwambia kuna dawa ya wadudu dukani, ichanganywe na utumbo wa mbuzi, kesho bweha kalala. Inasikika kama jambo la dakika tano.

Mama, simama hapo. Utumbo ule hautachagua. Ataula mbwa wako, mbwa wa jirani, paka, na nguruwe aliyefunguka. Mtoto wa miaka miwili anayeokota kila kitu uani anaweza kuugusa na kutia mkono mdomoni. Na kuku watakaodonoa mabaki au matapishi mtawala ninyi wenyewe jikoni. Sumu hizi za mashamba zimeua watu, si wanyama tu. Zimeua pia tai wa maeneo ya Ruaha na Katavi, ndege wanaotusafishia mizoga bila malipo. Mwezi Februari 2018, karibu na Hifadhi ya Ruaha, mzoga mmoja wa ng'ombe uliotiwa sumu uliua simba 6 na tai zaidi ya 70. Aliyeweka ile sumu huenda alitaka kulipiza kisasi cha ng'ombe mmoja.

Tena kuna sheria. Wanyamapori wote wako chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, na kuwawinda au kuwatega bila kibali ni kosa, hata kama wamo nyuma ya nyumba yako. Kujitetea mnyama anapomshambulia mtu ni jambo jingine. Bweha akizidi kuwa msumbufu, mwone mwenyekiti wa kijiji au mtaa, naye atamwita afisa wanyamapori wa halmashauri.

Baba watoto mjibu kwa utaratibu. Mwambie bei ya ile sumu ingenunua wavu wa mlango. Akina baba wengi hawapendi kusikia neno "hapana", lakini hesabu wanaisikiliza.

Kichaa cha mbwa

Kuku wanaweza kufugwa tena. Jambo lililotufanya tuandike makala haya ni hili.

Bweha hupata kichaa cha mbwa, na anapokipata hupoteza hofu yake yote. Watafiti waliofuatilia ugonjwa huu katika mikoa ya Lindi na Mtwara, kati ya mwaka 2011 na 2019, walikuta kwamba karibu wanyama 4 kati ya 10 waliougua walikuwa wa porini, na wengi wao walikuwa bweha. Hata hivyo walihitimisha kwamba anayeudumisha ugonjwa ni mbwa wa nyumbani. Mbwa asiyechanjwa humwambukiza bweha, na bweha huurudisha kijijini kwa mbwa, mbuzi au mtoto.

Utamtambuaje bweha mgonjwa? Kumwona bweha alfajiri si ajabu. Ajabu ni anayekuja mchana kati ya watu, asiyekimbia akitupiwa jiwe, anayeuma miti, mawe na mbwa wakubwa kuliko yeye, anayeyumba, anayetoka mate. Wengine hawana fujo. Wanakaa tu, wamepooza taya, wanatazama. Hao wanyonge ndio wa hatari zaidi, kwa kuwa watoto huwaonea huruma na kuwaletea maji. Ingiza watoto ndani, funga mlango, piga kelele za kuwaita majirani.

Ugonjwa huu hupitia mateni. Mtu anaweza kuupata kwa kuumwa, kukwaruzwa, au kulambwa mahali penye kidonda. Kwa kawaida dalili hutokea baada ya miezi miwili au mitatu, lakini huweza kuwa wiki moja, huweza kuwa mwaka. Zikishatokea, karibu hakuna anayepona. Haponi hospitali, haponi kwa mganga. Lakini kabla hazijatokea unazuilika, na hapo ndipo mama ana nafasi yake. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya watu wanaoumwa na wanyama wanaodhaniwa kuwa na kichaa, 4 kati ya 10 ni watoto chini ya miaka 15. Na mtoto mara nyingi hasemi. Aliambiwa asiende kichakani, akaenda, ameng'atwa kidoleni, anaogopa fimbo. Nyumba ambayo mtoto anaogopa kusema ina hatari kuliko nyumba yenye bweha shambani. Waambie leo, wakiwa wamekaa kula, kwamba aliyeumwa na mnyama hachapwi.

Mtoto akiumwa, osha jeraha hapo hapo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, hata ya kufulia, kwa dakika 15 kamili. Dakika 15 ni ndefu mtoto anapolia. Mpe mwenzio aangalie saa. Usifunge jeraha kwa nguvu, usipake pilipili, udongo, mafuta ya taa wala unga wa betri, wala usibandike jiwe la nyoka. Kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama jeraha ni dogo kama la sindano. Chanjo mara nyingi hupatikana hospitali ya wilaya au ya mkoa kuliko zahanati, kwa hiyo anayeishi Mishamo au Inyonga amwombe mganga wa zahanati apige simu kuuliza kwanza, asije akapoteza siku njiani. Chanjo si ya mara moja. Utapewa tarehe za kurudi, na ni lazima urudi zote, hata mtoto akiwa anacheza mpira. Jeraha likiwa kubwa au karibu na kichwa, uliza pia kuhusu sindano ya kinga inayochomwa kwenye jeraha lenyewe.

"Tusubiri kesho tuone," atasema mtu. Pengine ni baba, pengine mama mkwe. Mjibu kwa heshima, lakini uwe unafunga kanga. Kama nauli haipo, uza kuku.

Mbuzi au ng'ombe aliyeumwa na mnyama wa namna hiyo, mtoe mwenye mifugo taarifa kwa afisa mifugo. Maziwa yake yasinywewe, nyama yake isiliwe. Na kuku aliyetoka mdomoni mwa bweha usiyemjua hali yake, mfukie, japokuwa moyo unauma.

Mbwa wako kwanza

Bweha hatuwezi kumpeleka kliniki. Huko Uswisi walifanya kitu kinachokaribia: mwaka 1978 walianza kutupa porini vichwa vya kuku vyenye chanjo ndani yake, mbweha wakala, na baada ya miaka nchi ile ikaondokana na ugonjwa. Sisi hatuna haja ya kufika huko. Mbwa 7 kati ya 10 wakichanjwa katika eneo, ugonjwa hukosa njia ya kupita, na bweha nao hupona kwa kukosa wa kuwaambukiza.

Chanjo ya mbwa huwalinda hata wanyama wa hifadhi na magonjwa yetu. Mwaka 1994 karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti walikufa kwa ugonjwa wa virusi ambao mbwa wa vijijini walihusishwa nao. Sisi majirani wa Katavi tuna simba pia.

Mbwa huchanjwa akifikisha miezi mitatu, kisha kila mwaka. Uliza ofisi ya mifugo ya kata siku ya chanjo ni lini. Mahali pengi hupangwa karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Mbwa wa mtoto apelekwe na mtu mzima, akiwa amefungwa kamba, kwa sababu mbwa wengi wakikutanishwa hugombana na mtoto hubaki katikati. Cheti utakachopewa kiweke ndani ya mfuko mmoja na kadi za kliniki za watoto, ili siku ukiulizwa na daktari usianze kupekua nyumba nzima.